Waliochota Maji ya Gari Moshi

Jumatano ile nilitoka Bariadi saa kumi na moja jioni kwenda kusoma kipimo cha maji. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Nilibeba tochi, daftari na kipande cha chaki.

Jumatatu tulikuwa tumeleta boza na kujaza maji kwenye tumbo la kichwa cha gari moshi, kwenye kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba nje kidogo ya Ngulyati. Nilitaka kujua kama linavuja. Kama maji yangeshuka, jibu langu lingekuwa rahisi.

Reli haijawahi kufika kwetu. Kichwa kile kilinunuliwa zama za wakoloni kikiwa kimechakaa, kikaondolewa magurudumu na kukokotwa na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga, ili mvuke wake uzungushe mashine za pamba. Hakikusafiri tena. Kilikaa palepale kikipumua, na watu wakaendelea kukiita gari moshi. Sasa kamati ya kumbukumbu za pamba ilitaka kukifufua, na mimi, mhandisi mstaafu, nilipewa swali moja la kujibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa: kiwashwe tena, au kibaki chuma cha kutazamwa?

Mke wangu, Kabula, alizaliwa nyumba ya tatu kutoka pale. Baba yake, mzee Kasmiri, alikuwa mchochea moto wa gari moshi lile. Kabula alifariki mwaka jana, mwezi wa nne. Nalisema mapema ili nisionekane nimelificha.

Mchana wa siku hiyo katibu wa kamati, Maduhu, alinikuta nakunywa chai.

"Injinia, nipe neno moja. Linawaka au haliwaki?"

"Ijumaa."

"Andika linawaka. Mtu hatatoka Mwanza na watoto wake kuja kutazama chuma kilichonyamaza. Watu wanataka moshi. Wanataka honi."

"Honi haipo. Iling'olewa zamani."

"Anayo mama mkwe wako, mbona wote tunajua. Kamwombe."

"Maduhu, wewe ni Msukuma kweli, au ulishushwa na basi?"

Alicheka hadi akamwaga chai. Alijua ninachosema. Mama mkwe haombwi kitu uso kwa uso. Hatazamwi. Mkikutana njiani unampisha, unachuchumaa pembeni, unageuzia uso kando, na mnasalimiana hivyo. Vijana wa mjini wameacha. Mimi nilifundisha chuo kikuu miaka ishirini na sita na sijaacha. Katika miaka thelathini na mbili ya ndoa sikuwahi kuuona vizuri uso wa mkwe wangu, mama Ng'washi. Nilijua sauti yake tu, na sauti hiyo ilifanana na ya binti yake kiasi kwamba kwenye simu nilikuwa namwamkia mke wangu kwa heshima zote za mkwe. Naye ananiacha nimalize kwanza. Halafu ndipo anacheka.

Nilipofika kiwandani, mlinzi, Mboje, alikuwa anafunga lango aende kunywesha ng'ombe wake.

"Mwadila, mwalimu."

"Mwadila. Kuna mtu ndani?"

"Kuna mama kapita na ndoo. Kajifunika kitenge, sijamwona uso. Nimedhani ni mkweo, huwa anakuja kukaa kidogo." Akaniachia ufunguo. "Ukitoka, weka chini ya jiwe."

Jua lilikuwa limekaa juu ya mashamba. Nilipita katikati ya mashine zilizoota kutu. Palikuwa na harufu ya mbegu za pamba zilizoungua. Nikajiambia ni mtu anachoma masalia shambani.

Nilipolikaribia gari moshi niliona, upande wa nyuma, pindo la kitenge cha kijani na nyayo mbili zenye vumbi.

Niligeuka mara moja. Nikachuchumaa, mgongo wangu kwa gari moshi, uso kwenye barabara.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama.

"Mwadila." Sauti ilikuwa ya chini, karibu mnong'ono. "Umekuja kuliwasha?"

"Nimekuja kupima maji tu. Sijaamua."

"Chuma kikoje?"

Niliona ajabu mama mkwe kuuliza hivyo, lakini nilimjibu kwa ukweli. "Chuma ni kizima, mayu. Kuzidi nilivyotegemea. Kinaweza kubeba moto."

"Basi utaandika hivyo. Wewe huandiki uongo."

"Wanataka na honi."

"Honi isipulizwe." Sauti ilisogea karibu zaidi. "Ikipulizwa, lazima waje."

"Nani?"

"Waliochota."

Hapa ni lazima nieleze jambo la kazi. Gari moshi lile lilinyweshwa kwa mikono. Wanawake na watoto walichota lamboni, wakamimina kwa nyuma, ambako mchochea moto hawezi kuwaona. Maji yakipungua, alipuliza honi kuwaita. Aliyemaliza kumimina aligonga tanki mara mbili kwa ndoo ili aliyeko motoni ajue. Kabula alianza kuchota akiwa na miaka saba. Hadi anaugua, kila alipomimina maji kwenye pipa letu nyumbani, aligonga mara mbili. Hakujua kama anagonga.

Nilisema nisichokusudia kusema.

"Kabula alichota."

"Alichota."

"Basi nikiipuliza..."

"Atakuja. Atamimina, atarudi kuchota. Anayeitwa kwa honi hakai kuzungumza sana. Ndoo inamsubiri."

Kwa mwaka mzima watu walikuwa wamenieleza mahali alipo mke wangu, na hakuna aliyeniambia kwamba angeweza kuchoka huko.

"Acha kulala na redio imewashwa," sauti ikasema. "Inakusumbua, hulali."

Nikajiuliza nani amemwambia. Naishi peke yangu.

"Nitaacha, mayu."

Kisha akasema jambo ambalo hakuna mama mkwe wa Kisukuma anayeweza kulisema.

"Geuka unitazame."

Nilihisi aibu, si woga. Nilidhani uzee umeanza kumpotezea njia, au kwamba ananipima. Nikainamisha kichwa zaidi.

"Siwezi, mayu. Nisamehe."

Akacheka kidogo.

"Kweli. Ulifundishwa vizuri."

Nikasikia maji yakimiminwa. Yalichukua muda mrefu, kuliko ndoo moja, kuliko ndoo tatu. Halafu...

Ko. Ko.

Mara mbili.

Nilibaki nimechuchumaa, kama inavyotakiwa, hadi nilipokuwa na uhakika kwamba ameondoka. Sikusikia hatua. Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Ardhi nyuma ya gari moshi ilikuwa kavu.

Nikawasha tochi nikasoma kioo cha kupimia maji. Jumatatu nilikuwa nimeweka alama ya chaki katikati. Sasa maji yalikuwa vidole vinne juu ya alama.

Niliweka kiganja kwenye chuma. Kilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, kwa sababu upande ule una kivuli tangu adhuhuri. Lilikuwa joto la mahali palipolaliwa na mtu. Nikafungua mlango wa jiko la moto. Majivu yalikuwa ya zamani, ya baridi, na utando wa buibui ulikuwa mzima, kutoka ukingo mpaka ukingo.

Niliandika yote hayo kwenye daftari.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa mama mkwe kumshukuru kwa mazungumzo. Alinipokea shemeji yangu Elina, mdogo wake Kabula, na kunipa kigoda uani.

"Mama yupi umeongea naye, shemeji?" aliuliza. "Mama yuko msibani Zagayu tangu Jumapili. Ndiyo kwanza amempigia simu bodaboda amrudishe."

Nilimwomba arudie, akarudia. Kisha akaenda kunichukulia maji ya kunywa.

Mama Ng'washi alifika saa tano. Nilisikia bodaboda, nikageuza kigoda. Alipita nyuma yangu, akaingia ndani, na Elina akamsimulia. Baadaye sauti ikatoka nyuma ya mlango. Ilikuwa sauti ileile. Lakini hii ilianza kwa kuniita baba, kama ilivyoniita miaka yote. Ile ya jana haikuniita chochote.

"Baba, ulimtazama?"

"Hapana, mayu."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni wewe."

Elina alijifunika mdomo kwa khanga.

"Ndivyo tulivyowafundisha," mama mkwe akasema mwishowe. "Nani alimwita?"

"Hakuna. Honi si unayo wewe?"

"Ninayo. Kasmiri aliniambia haiiti honi. Linaita bomba. Honi ni mdomo tu."

Hapo nikakumbuka. Jumatatu, kabla ya boza kuondoka, nilikuwa nimepuliza bomba la honi kwa mdomo wangu ili kuona kama limeziba. Lilitoa sauti ndogo, fupi, halafu ndefu. Nikaandika: bomba ni safi.

Mama Ng'washi alinieleza alichokijua, na hakikuwa kingi. Mwaka wa ukame lambo lilikauka hadi likapasuka. Wachotaji walirudishwa makwao. Lakini gari moshi lilifanya kazi msimu mzima, na Kasmiri hakusema maji yanatoka wapi. Watu walisema ana misukule. Yeye, mkewe, alikwenda jioni moja kumpelekea chakula, akasikia ndoo zikigonga, akamsikia dada yake, aliyekuwa amezikwa miaka miwili nyuma, akilalamika mabega. Usiku ule aliing'oa honi kwa nyundo. Kasmiri hakumgombeza. Alikaa chini akalia.

"Wanaachiwaje waende zao?" niliuliza.

"Kama zamani. Msimu ukiisha, mchochea moto anafungua koki ya chini, anamwaga maji yote hadi tone la mwisho. Wakiona pakavu, wanakwenda zao. Kasmiri aliwaachia hivyo. Honi nimeishika miaka yote hii, baba. Alipokufa Kasmiri nilikwenda nayo hadi kwenye bomba mara nyingi. Sikupuliza. Mimi ningempata mume. Yeye angepata ndoo."

Mlango ukafunguka kidogo. Elina akaniletea kitu kizito kilichofungwa kwa kitambaa. Ilikuwa ile honi.

"Nenda kamwachie mtoto wangu," sauti ikasema.

Mchana huohuo nilikwenda. Mboje alikuwa langoni akichonga mpini, akanitania kwamba nimehamia. Nilimpita.

Nilifungua koki ya chini kwa spana. Maji yakatoka mekundu kwa kutu, kisha meupe, yakakimbilia shamba la pamba la jirani. Boza lilikuwa limeleta lita elfu mbili. Nilikuwa na saa na nilijua ukubwa wa bomba. Lita elfu mbili zilipaswa kuisha chini ya nusu saa. Yalitoka kwa saa moja na robo.

Nilikaa mbele ya kioo nikiyatazama yakishuka. Yakapita alama ya chaki. Yakabaki vidole vitatu. Viwili. Harufu ya mbegu zilizoungua ilikuwa inapungua pia. Nikahesabu siku ambazo mke wangu alinitayarishia maji ya kuoga bila mimi kumwomba. Nikahesabu maneno tuliyoongea jana. Yalikuwa machache, na karibu yote nilimpa mtu mwingine.

Ijumaa nilimkabidhi Maduhu ripoti. Niliandika unene wa chuma kama nilivyoupima, kwamba ni mzima. Chini yake nikaandika: gari moshi lisiwashwe, na bomba la honi lizibwe kwa risasi iliyoyeyushwa. Kwenye sababu niliandika: wakati wa upimaji maji yaliongezeka bila chanzo kinachojulikana.

Maduhu alisoma mara mbili.

"Injinia, hii kamati itaicheka."

"Ni kweli ilivyoandikwa."

Alinitazama usoni, akaacha utani. Kamati haikucheka. Mmoja wa wajumbe, mzee aliyezaliwa Ngulyati, aliomba ripoti isisomwe kwa sauti, wote wakakubali. Gari moshi litapakwa rangi na kuzungushiwa uzio. Bomba nililiziba kwa mikono yangu.

Mama Ng'washi alituma Elina kuuliza kama niliachia maji yote. Nilisema ndiyo. Huo ndio uongo pekee niliousema katika jambo hili.

Kilipobaki kidole kimoja, niliifunga koki.

Siku hizi nalala bila redio. Kila Jumatano jioni nakwenda na daftari. Mara ya kwanza nilikaa nikilitazama gari moshi, macho wazi, hadi giza. Hakuja mtu. Jumatano iliyofuata nilifanya vilevile, na hakuja mtu. Ya tatu nilichoka. Nikageuka, nikachuchumaa, nikautazama uso wa barabara.

Ko. Ko.

"Mwadila," nikasema.

Alikuwa anahema, kama mtu aliyetua mzigo baada ya kutoka mbali.

"Mwadila. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Sikugeuka. Tuliongea kidogo, kisha akasema ndoo inamsubiri. Nilipokwenda kusoma kioo, maji yalikuwa vidole viwili.

Jumatano iliyopita yalifika vitano. Sauti yake imeanza kuwa nzito, na mara mbili amesita katikati ya neno akasema mabega yanamuuma. Spana ninayo kwenye mfuko wa koti. Koki iko hatua tatu kutoka ninapochuchumaa.

Kesho ni Jumatano.