Maua Juu ya Rangi Mbichi

"Sibandiki," Mutie alisema, akakunja kitambaa chake. "Mwambie Mzee hii gari bado ni mbichi."

"Gari si nyama, Mutie. Bandika."

Mutie alicheka kidogo, lakini mkono wake haukugusa tepu ya gundi. Ilikuwa Ijumaa moja ya Agosti, mwaka wa tisini na mbili, na alikuwa amesimama na mpenzi wake Syombua kando ya kibanda chake pale Salama, malori ya Mombasa yakiwapulizia vumbi. Mbele yao kulikuwa na Peugeot ya Mzee Mulei, baba yake Syombua. Lilikuwa jeupe pee, limetoka kupigwa rangi upya juzi tu. Kesho yake lingembeba Mbinya, dada yake Syombua, kwenda kuolewa kanisani Matiliku.

Kazi ya Mutie ilikuwa hiyo ya kubandika vitu kwenye magari ya watu. Alibandika mikanda ya milangoni na vizuia mvua vya madirisha, na msimu wa harusi ukifika, vishikizo vya plastiki vya kuchomekea maua.

"Ukiangalia na macho imekauka," alieleza. "Ndani bado. Rangi kama hii inataka mwezi mzima. Ukibandika leo, siku ya kutoa inatoka na rangi."

"Basi enda umwambie mwenyewe."

Jumamosi ya wiki iliyofuata Mutie alikuwa apeleke mbuzi wa ntheo kwa Mzee Mulei, na kwa Wakamba, bila mbuzi hao msichana hajawa mke wa mtu hata mkiishi pamoja hadi mzeeke. Kijana anayengoja kupokewa hivyo hamwambii baba mkwe "hapana" usoni. Kuna nthoni, ile haya ya ukwe; hata kumtazama machoni ni shida. Mutie huyu aliyezoea kubishana na madereva wa malori mpaka wakarudi nyuma, kwa Mzee Mulei alikuwa mtoto aliyeona sindano.

"Umwambie wewe," alisema. "Ni baba yako."

"Nimwambie Mbinya aende kanisa na gari haina ua hata moja? Na ameshatangazia watu wote? Mutie, tafadhali. Nifanyie mimi."

Alimwangalia. Alimpenda huyu msichana kupita kiasi, na Syombua alilijua hilo vizuri sana.

"Sawa," alisema mwishowe. "Lakini sikiza. Harusi ikiisha, mtu asitoe hivi vitu na mkono. Viachwe tu. Nitakuja Jumatatu mchana jua ikiwa kali, nivipashe na kitambaa cha maji moto, nikate tepu na uzi wa nailoni pole pole. Labda tutaokoa rangi. Mwambie Mzee."

"Nitamwambia."

"Syombua."

"Si nimesema nitamwambia?"

Hakumwambia. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Jumamosi nzima alikimbizwa na sahani na soda, na kila alipomkaribia baba yake alimkuta amezungukwa na wageni. Halafu, tuseme ukweli, kumfundisha Mzee Mulei namna ya kutunza gari lake kulihitaji roho ngumu, na Syombua hakuwa nayo.

Sasa, Mzee Mulei alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa lao halipendi mbwembwe. Maua ni ya harusi. Jumapili mtu haji na gari limepambwa mbele ya pasta kama anayejionyesha. Basi asubuhi na mapema, umande ukiwa bado juu ya boneti, alitoka na koti lake la ibada akaanza kung'oa vile vishikizo kwa mkono. Cha kwanza kiligoma, akakivuta kwa nguvu, kikaja na kipande cha rangi kama kiganja cha mtu. Alidhani ni hicho tu, akang'oa kingine. Alipomaliza, gari lilikuwa na mabaka mbele na milangoni, na siku hiyo alienda kanisani kwa miguu.

Jumatatu, Mutie alikuwa anafunga kibanda aende Matiliku na uzi wake, alipoitwa kwenye simu ya duka la jirani.

"Mutie?" Alikuwa Mzee Mulei mwenyewe.

"Ndiyo, Mzee. Habari ya nyumbani?"

"Uliweka gundi gani kwa gari yangu?"

"Ni tepu tu, Mzee. Ile ya kawaida."

"Imenyonyoa gari kama kuku. Ulijua rangi ni mpya?"

"Nilijua."

"Na ukabandika."

"Nilibandika, Mzee."

"Na hukuona ni vizuri uniambie?"

Mutie alikuwa na maneno mdomoni, kwamba nilimtuma msichana wako. Akayameza.

"Nisamehe, Mzee."

"Hizo mbuzi kaa nazo. Mtu wa kunificha kitu ya gari, atanificha nini juu ya msichana wangu?"

Simu ikakatwa.

Kule Matiliku, Syombua alikuwa nyuma ya kaunta ya duka la baba yake akipima sukari. Alikuwa amesikia upande mmoja tu wa simu ya baba yake, na ulimtosha.

"Baba, Mutie amesema nini?"

"Amesema nimsamehe. Hakuna kingine."

Syombua aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mwanaume anapoteza mke, na bado anamfichia yeye kosa. Hakuwa amewahi kumpenda kama dakika ile, wala kujichukia hivyo.

"Baba, kuna kitu."

"Pima sukari."

"Mutie alikataa kubandika. Mimi ndiye nilimlazimisha. Na alisema visitolewe na mkono, atakuja leo atoe na maji moto. Alinituma nikuambie. Nikaogopa."

Mzee aligeuka pole pole. "Uliniogopa mimi?"

"Kila mtu hapa anakuogopa. Hata mwaitu."

Mama yake, aliyekuwa akichagua ndengu mlangoni, hakuinua kichwa. "Ni kweli," alisema.

Mzee Mulei alikaa juu ya gunia. Kisha akachukua ufunguo wa gari.

Mutie aliona lile gari la mabaka likiingia Salama, Syombua ndani, akakosa pa kuweka mikono. Mzee alishuka, akasimama mbele yake.

"Niangalie, kijana."

Mutie aliangalia viatu.

"Macho. Nthoni ni ya ukwe, si ya gari. Nikitaka kuharibu kitu na wewe unajua, utanyamaza?"

"Nilimtuma Syombua, Mzee."

"Amenieleza. Na mimi ndiye niling'oa." Mzee alikohoa. "Sasa sikia. Kesho napeleka gari ipigwe rangi tena. Kama bado unataka kuleta mbuzi Jumamosi, hiyo siku nataka gari ikuwe kwa lango na maua, kama ya Mbinya. Utabandika Ijumaa."

Mutie aliinua uso, akamtazama mzee yule machoni kwa mara ya kwanza.

"Hapana, Mzee."

"Umesema nini?"

"Ikipigwa rangi kesho, sibandiki kitu mpaka mwezi uishe. Ukitaka maua, tutafunga na riboni kwa vioo na vishikio vya mlango. Gundi, hapana."

"Basi na mbuzi zingoje huo mwezi."

Macho ya Mutie hayakushuka.

"Hapana tena, Mzee. Rangi ndiyo itangoja. Mbuzi ni Jumamosi."

Mzee Mulei alirudi garini, akawasha.

"Syombua, ingia twende," alisema. "Mama yako hajui atapikia watu wangapi Jumamosi."