Mamba wa Jumamosi

Wazazi wenzangu, mlio karibu na mto, naomba mnisikilize.

Tulishuka kutoka Mkuu, kule mlimani, tukapata kiwanja huku chini kwenye mashamba ya miwa, hatua chache tu kutoka mtoni. Tuliishi vizuri. Mume wangu, Faustin, alichinja mbuzi wa kuuza kila Jumamosi jioni. Mimi niliosha utumbo, na mabaki yasiyolika yeye aliyatupa majini. Binti yetu Leonia, wa miaka tisa, alikaa ukingoni akiimba nyimbo za kwaya.

Mwaka jana akaja mamba. Tuliona macho na pua tu. Jumamosi iliyofuata akarudi, saa ile ile. Faustin akamwita Mteja.

Jirani yetu Mama Davis, mkata miwa, alikasirika.

"Baba Leonia, huyo unamfuga?"

"Mteja hana neno. Akishiba anaenda zake."

"Na siku asiposhiba?"

"Nitamwelekeza kwako!"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Kwaresima ikafika. Wanunuzi wengi wakaacha nyama kwa mfungo, Faustin naye akaweka kisu chini. Sisi tulijua ni Kwaresima. Mamba angejuaje?

Jumamosi ya kwanza ya mfungo, jioni, nilimwambia Leonia, "Kachote ndoo moja nipike kiburu, ndizi nimeshamenya."

"Mama, na Mteja je?"

"Leo hakuna mabaki, atafuata nini? Hebu nenda!"

Akaenda. Kutoka mtoni nilisikia akilia mara moja tu. Nilipofika, ndoo ilikuwa inaelea. Faustin aliingia majini na kisu chake, watu wakamtoa kwa nguvu. Siku ya tatu tulipata gauni. Ndilo tulilozika.

Bwana wanyamapori alinieleza kwamba mamba hasahau mahali alipopata chakula. Hujificha chini ya maji, kimya, akingoja. Tena akasema mamba jike akisikia watoto wake wanalia ndani ya mayai, huwafukua mchangani na kuwabeba mdomoni hadi majini, bila kuwaumiza. Yeye husikia sauti ndani ya yai. Mimi wangu aliniuliza kwa maneno kabisa.

Mafunzo

Msitupe mabaki ya nyama mtoni. Msimlishe mnyama wa porini mkamwita rafiki. Yeye hawapendi ninyi, amezoea mahali. Jirani akikuonya, usimcheke. Na mtoto akikuuliza kwa hofu, acha sufuria umsikilize.

Faustin amezungushia miti pale pa kuchotea maji. Aliikata peke yake. Jumamosi mamba bado anakuja, saa ile ile.