Jini Aliyemwaga Chumvi

Kopo lilikuwa limefungwa vilevile, kifuniko kimekaza, lakini ndani hamkuwa na hata chembe. Chumvi yote ilikuwa nje ya mlango, imemwagwa kama takataka.

Mama Chumvi aliifagia, akajaza kopo upya. Chumvi haikumpa shida, aliitengeneza mwenyewe: alikinga maji ya bahari kwenye mabwawa yake, jua likayakausha, akakwangua. Hata baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia ng'ambo ya ghuba, moto ulipozimwa kwa maji ya bahari na maji yale yakarudishwa baharini, hakuacha kazi. Mkurugenzi wa mtambo alipita na kipaza sauti akisema maji ni salama. Mtu mzima, kasoma, angesemaje uongo?

Kesho yake kopo lilikuwa tupu tena.

"Labda jini ana presha, Mama," bintiye alicheka, mkono juu ya tumbo lake kubwa. "Daktari kamkataza chumvi."

"Usitanie mambo hayo na mimba yako hiyo."

Lakini naye alicheka. Nyumba ile ilikuwa haijacheka tangu mkwewe, fundi bomba wa mtambo, alipoingia humo mtamboni siku ya ajali asitoke. Mtoto aliyekuwa tumboni ndiye pekee aliyebaki wa baba yake.

Kicheko hakikudumu. Chumbani kwa binti kulianza kunuka matope ya maji kupwa. Nyayo za mtu aliyelowa zikaonekana sakafuni, zikitoka ukutani na kuishia kitandani, na kila chakula kilipotengwa sufuria ilipinduka bila kuguswa, na binti, aliyekuwa mpole tangu utotoni, akawa anakaa kitako pembeni akilia kwa sauti nzito iliyojaa maji, kama mtu anayezama na asiyemaliza kuzama.

Mama Chumvi akamwita Mwalimu, jirani yao aliyekuwa akiwasomea wagonjwa dua.

"Jini huogopa chumvi, dada yangu," alinong'ona. "Hata mtoto analijua hilo. Kwa nini huyu anaimwaga? Tumempata."

Wakatia chumvi kwenye maji ya kuoga. Wakaitandaza chini ya godoro. Mwalimu akasoma, na mama akamwekea mwanawe kibonge cha chumvi juu ya ulimi. Ndipo ile sauti nzito ikasema:

"Nilikuwa na mji chini ya maji. Mmeuchoma. Wanangu wamekufa mmoja mmoja, nimekimbilia hapa. Hiyo mnayomlisha ndiyo iliyowaua."

Mama Chumvi alirudi nyuma. "Mwalimu, umesikia?"

"Majini ni waongo. Usimjibu. Ongeza."

Akaongeza. Jini akatoka akilia, bila tusi wala kitisho, kama mpangaji anayetupiwa vyombo nje. Harufu ikaisha. Wakamshukuru Mungu, wakala, wakashiba. Na chumvi haikumwagwa tena.

Siku zikapita. Fizi za binti zikaanza kutoka damu, nywele zikabaki kwenye kitana. Hospitalini, mtoto alizaliwa kimya. Alikuwa na paji la uso la baba yake.

"Sumu ya mtambo imo kwenye damu ya binti yako," daktari alisema, akiangalia sakafu. "Ameila, mama."

Mama Chumvi hakulia. Alimzika mjukuu wake, akaenda moja kwa moja kwenye mabwawa, akasimama mbele ya maji yale meupe, mchana kweupe.

"Ewe uliyekuja kwangu," alisema, "ulinikanya nikakufukuza. Nisamehe. Hukumu ni ya Mungu. Lakini kama bado huna pa kukaa, mkurugenzi ana nyumba kilimani yenye vyumba visivyolaliwa."

Maji ya bwawa yakatikisika. Hapakuwa na upepo.

Mkurugenzi aliitisha mkutano kuhusu maji; siku ilipofika, ukumbi ulijaa. Mkurugenzi alisimama na shati lake jeupe, akatabasamu.

"Ndugu zangu, maji yamepimwa. Mimi mwenyewe…"

Harufu ya matope ya maji kupwa ikapanda ukumbini. Pindo za suruali yake zikaanza kuvuja maji, yakatiririka jukwaani, yakadondoka mbele ya viatu vya waliokaa mbele, naye akashika koo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, akijitahidi kufunga mdomo na mdomo ukikataa kufungwa, mpaka ile sauti nzito iliyojaa maji ikatoka humo ndani yake:

"Mimi mwenyewe nilijua. Niliambiwa maji yana sumu, nikasema yamwageni. Niliambiwa watu wanavua, nikasema waacheni wavue. Niliambiwa mafundi bado wamo ndani…"

Mwanamke mmoja akapiga yowe. Mkurugenzi akawatazama watu kwa macho ya kuomba, na maneno yakazidi kutoka.

Mwalimu aliinuka, midomo tayari imeanza kusoma. Mama Chumvi akamkamata nguo, akamvuta mpaka akaketi.

"Kaa chini, Mwalimu. Huyu usimtoe mpaka amalize kusema."