Biira wa Kasenyi ya Ziwani

Kila Jumatatu na kila Alhamisi asubuhi, Ketura alimwandalia mumewe chai ya tangawizi na kipande cha muhogo. Mumewe, Nobert Mumbere, aliinywa chai hiyo akiwa amesimama. Kisha alifunga vikapu viwili nyuma ya pikipiki, akasema maneno yale yale.

"Nakwenda Kasenyi, mama. Nitarudi saa kumi."

Maneno hayo yangemshangaza mgeni, kwa kuwa hapo waliposimama palikuwa ni Kasenyi. Kijiji chao kidogo, kando ya mto Lhubiriha karibu na Bwera, kiliitwa Kasenyi kwa sababu ya mchanga unaoachwa na mto. Na kule Ziwa George, mbali kwa mwendo wa pikipiki, kulikuwa na Kasenyi nyingine, kijiji cha wavuvi. Nobert alinunua samaki huko, akawauza katika soko la Mpondwe. Watu walikwisha kuzoea. Hakuna aliyeona haja ya kusema ni Kasenyi ipi.

Mwaka huo Ketura alikuwa na furaha yake. Darasa la watu wazima lilikuwa limemfundisha kusoma. Alisoma maandishi ya mfuko wa chumvi. Alisoma kalenda ukutani. Alisoma hata karatasi iliyofungiwa maandazi.

Jumamosi moja simu ya Nobert ililia mezani, na mwenyewe alikuwa anaoga. Ketura akaichukua. Ulikuwa ujumbe. Akausoma polepole, neno baada ya neno, bila msaada wa mtu.

"Biira, mke wa Mumbere, Kasenyi. Njoo kliniki ya wajawazito, Bwera, Jumanne."

Akausoma mara ya pili. Mumbere ni nani, kama si mume wake? Kasenyi ni ipi, kama si ile aiendeayo mara mbili kwa wiki? Na huyo Biira mwenye mimba ni nani?

Akaufuta ujumbe, akairudisha simu mezani, akaenda jikoni kukaa karibu na moto usio na chungu.

Tangu siku hiyo wivu ukawa mpangaji katika nyumba yake. Ulilala naye, ukaamka naye. Nobert akirudi, Ketura alinusa shati lake kabla ya kulifua. Lilinuka samaki, naye akajiambia kwamba harufu ya samaki huficha harufu nyingine. Nobert akiimba, aliuliza moyoni anamwimbia nani. Akinyamaza, aliuliza anamfikiria nani. Alimchora Biira katika mawazo yake: mwembamba, mcheshi, mwenye meno meupe na kitambaa kipya kichwani. Kila siku alimwongezea uzuri, na kila siku alimchukia zaidi.

Hakusema neno. Alitoa adhabu yake kwa njia ya chungu. Aliweka mezani bundu, ugali wa muhogo, na sombe ya majani ya muhogo isiyo na chumvi.

"Mama, chumvi imekwisha?" Nobert aliuliza. "Katwe kwenye ziwa la chumvi si mbali. Naweza kupitia Kabatoro nikuletee."

"Pitia tu. Wewe hupitia mahali pengi."

Nobert alimtazama, akala.

Baada ya wiki moja ukaja ujumbe wa pili. "Biira wa Kasenyi hajafika. Vipimo vyake vinataka arudi haraka." Ketura akaufuta huu nao. Neno "haraka" lilimgusa kidogo, lakini wivu ukalifunika. Akasema moyoni, "Na aharakishe mwenyewe. Mimi si tarishi wa wake wenza."

Siku mbili baadaye simu ikaita, na Nobert alikuwa shambani kwenye kahawa. Ketura akapokea. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Habari ya asubuhi. Namtafuta Biira wa Kasenyi, mke wa Mumbere."

"Mke wa Mumbere ni mimi," Ketura alisema.

"Wewe ndiye Biira?"

"Mimi ndiye mke wa Mumbere. Hana mke mwingine. Usipige tena."

Akakata simu. Akajiona ameshinda. Lakini ushindi huo haukumpa usingizi.

Ijumaa, Nobert alipokuwa sokoni Mpondwe, Ketura alivaa gauni lake la Krismasi. Alimwambia jirani kwamba anakwenda kumwona shangazi. Akapanda gari hadi njia panda, kisha bodaboda ikamshusha Kasenyi ya ziwani, jua likiwa bado upande wa asubuhi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alikuwa na ya kuanzia, ya katikati na ya mwisho, na yote yalikuwa makali.

Ufukweni wanawake walikuwa wakipara samaki. Ketura akawasogelea.

"Wabukire, mama," mmoja alimwamkia. Huyo alikuwa Immy, mwuza samaki mwenye sauti kubwa.

"Wabukire. Namtafuta Biira."

Wanawake wakacheka.

"Biira gani?" Immy akauliza. "Biira beko watano hapa. Kila mama mwenye binti wawili iko na Biira nyumbani."

Ni kweli. Katika desturi ya Wakonzo, wenyeji wa huku, mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa kwake. Binti wa kwanza ni Masika, kama Ketura mwenyewe, na wa pili ni Biira. Mvulana wa kwanza huitwa Mumbere. Ndiyo maana ukiita "Mumbere" sokoni, vichwa vingi hugeuka.

"Ni Biira wa Mumbere," Ketura akasema.

"Mumbere wa bodaboda, Mumbere wa kanisa, ama Mumbere mrefu? Mama, unatafuta mutu ama unahesabu kijiji?"

Ketura akapunguza sauti. "Ni yule mwenye mimba."

Kicheko kikapungua. "Aa, huyo ni mmoja tu. Nyumba ile ya mabati, karibu na nyavu. Nenda umsalimie, hajatoka nje tangu juzi."

Ketura akaenda kwa hatua nzito. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, juu ya mkeka, aliketi mwanamke amefunga kichwa kwa kanga. Hakuwa mwembamba, wala hakuwa na kitambaa kipya. Uso wake ulikuwa umevimba hata macho yalikuwa madogo. Miguu yake ilikuwa imejaa kama imetiwa maji.

"Wewe ndiye Biira?"

"Ndiye mimi. Karibu, ingawa sikuoni vizuri. Kichwa kinanipasuka, na machoni naona vitu vinametameta."

Ketura hakuketi. "Mumeo ni nani?"

"Mumbere."

"Huja kwako siku gani?"

Biira akainua kichwa kwa shida. "Huja? Hii ni nyumba yake, atoke aende wapi? Mumbere ni yule nje anayeshona nyavu." Kisha sauti yake ikabadilika. "Na wewe ni nani, mama, umevaa hivyo, unaulizia siku za mume wangu?"

Ketura akachungulia nje. Aliona mzee mfupi mwenye ndevu za mvi. Huyo alikuwa Ezironi Mumbere, na sindano ya nyavu alikuwa ameishika kwa meno.

Maneno yote aliyoyapanga njiani yakampotea. Badala yake yakamjia mengine, yale aliyoyafuta. Vipimo vyake. Arudi. Haraka.

"Biira," alisema, akapiga magoti mkekani, "ulikwenda kliniki Bwera?"

"Nilikwenda, nilipokuwa kwa mama yangu. Walichukua damu na mkojo. Wakaniambia wakiona neno watapiga simu. Hawakupiga. Nikajua niko salama."

"Walipiga," Ketura akasema. "Waliandika mara mbili, na wakapiga. Ujumbe wako uliingia katika simu ya mume wangu. Yeye naye ni Mumbere, nasi tunakaa Kasenyi ya mtoni. Nilidhani wewe ni mke wake wa siri. Nikaufuta. Wanakutaka urudi haraka."

Biira akajaribu kuinuka, akashindwa. Kisha akasema taratibu, "Mwite Ezironi."

Kituo kidogo cha afya hakikuwa mbali. Wakampeleka, Ketura akimshika mkono mmoja na Ezironi mwingine. Mkunga wa kituo aliitwa Jolly. Alimfunga Biira kipimo cha presha mkononi, akasoma, akapima tena. Alipima na mkojo. Kisha akapiga simu kuita gari la wagonjwa.

"Sikilizeni," Jolly akasema, huku akimlaza Biira kwa ubavu wa kushoto. "Presha yake imepanda sana. Hali hii huja wakati wa mimba, na ikiachwa huleta kifafa cha mimba. Kifafa hicho kinaweza kumuua mama na mtoto pamoja."

"Tulidhani ni uvimbe wa kawaida," Ezironi akasema. "Mama yangu alisema miguu ya mjamzito huvimba."

"Miguu huvimba kidogo, mzee wangu. Lakini uso na mikono vikivimba, kichwa kikiuma bila kuacha, macho yakiona ukungu au nyota, au tumbo la juu likiuma, hapo hamngoji kesho. Mnakuja siku ile ile. Hata dalili moja inatosha."

"Nami niliambiwa watapiga simu," Biira akasema kwa sauti ndogo.

"Kunyamaza kwa simu si jibu jema, dada. Ukipimwa, rudi mwenyewe uulize. Uliwaachia namba gani?"

"Ya Ezironi sikuijua kwa kichwa. Nilisema nitaileta."

"Basi mahali pa namba palibaki wazi. Na jina?"

"Niliandikwa Biira, mke wa Mumbere, Kasenyi."

Jolly akatikisa kichwa. "Karani amefungua daftari la zamani, akaona Mumbere wa Kasenyi mwenye namba, akadhani amekupata. Mumbere huyo aliwahi kupeleka mtu kule?"

"Alimpeleka mtoto wetu, alipougua malaria," Ketura akajibu. Kisha akasema yaliyobaki, kwa kuwa hakutaka mkunga amlaumu karani peke yake. "Lakini ningeliwaambia kwamba huyo si wetu, wangelimtafuta. Mimi nilikata simu."

Jolly akamgeukia. "Ujumbe wa hospitali ukija kwako kimakosa, jibu maneno mawili tu: si yeye. Hayo mawili huokoa mtu. Lakini leo umemleta kwa miguu yako. Kaa naye mpaka gari lifike."

Gari likafika. Hospitalini madaktari walimpa Biira dawa ya kuzuia kifafa na dawa ya presha, kisha wakamfanyia upasuaji. Mtoto wa kiume alizaliwa kabla ya mwezi wake, mdogo, lakini analia. Mola aliwahifadhi wote wawili.

Jioni ile Ketura alimsimulia Nobert kila kitu, tangu ujumbe wa kwanza. Nobert alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," akasema, "wiki hizi zote nimekula sombe isiyo na chumvi kwa sababu ya mke wa Ezironi?"

Ketura akainamisha uso. "Nisamehe."

"Chumvi nimekusamehe. Lakini ungeniuliza, mama. Swali moja tu. Ezironi ndiye ninayenunua samaki kwake." Akaisukuma sahani yake kando. "Yule mama angekufa, nasi tungeendelea kula."

Neno hilo lilimuuma Ketura kuliko kelele. Kesho yake alikwenda kliniki ya Bwera, akamweleza karani yaliyotokea. Karani hakubisha. Alifungua daftari, na wakakuta katika ukurasa mmoja Biira wanne, na watatu kati yao wa Kasenyi. Mkuu wa kliniki akaamuru daftari lipigwe mistari mipya. Tangu hapo kila mgonjwa huandikwa jina la zamu ya kuzaliwa pamoja na jina lake jingine, tarehe ya kuzaliwa, kijiji pamoja na kata yake, na namba ya simu iliyopigwa papo hapo ikasikika kuita. Kila mjamzito hupewa pia tarehe ya kurudi, ipigwe simu isipigwe.

Ketura naye akaenda nyumba kwa nyumba katika Kasenyi ya mtoni. Aliwasomea wanawake madaftari yao ya kliniki, na yaliyopungua akawapeleka yakajazwe. Wengine walimtania. "Huyu ndiye mkaguzi wa wake wa Mumbere," walisema. Hakukasirika. Mwezi ule ule mjamzito mmoja wa kijiji chake alipigiwa simu kwa namba yake mwenyewe, akaenda siku ile ile, akatibiwa damu yake ikiwa bado haijapungua sana.

Wiki sita zilipopita, Biira alikuja tena kwa mama yake Bwera, akampeleka mtoto kliniki kupata chanjo. Ketura alikuwa hapo na wanawake wawili wa kijijini. Hawakuwa wameonana tangu gari la wagonjwa lilipoondoka. Ketura alisimama mbali, hajui kama asogee.

Karani alikuwa akiandika. "Jina la mama?"

"Biira Yunia, mke wa Ezironi Mumbere. Kasenyi ya ziwani, si ya mtoni. Na namba ya mume wangu sasa ninayo kichwani."

Akaitaja. Karani akaipiga, Ezironi akaitika upande wa pili, akaulizwa kama ni yeye, akasema ni yeye.

"Tunahitaji na mtu wa pili," karani akasema. "Mtu wa hapa Bwera, tukikukosa atakupa habari. Mama yako ana simu?"

"Hana." Biira akageuka, akatazama watu waliokaa kwenye benchi na waliosimama. "Andika Ketura Masika, Kasenyi ya mtoni."

Karani akainua kalamu. Alikuwa anaijua habari yote. "Una hakika, mama? Ni huyu huyu?"

"Andika," Biira akasema, huku akimweka mtoto begani. "Katika wilaya hii yote, hakuna mtu atakayeogopa kufuta ujumbe wangu kuliko yeye."

Ketura akasogea, akaitaja namba ya simu yake mpya, tarakimu moja moja, na karani akaipiga. Simu ikalia mkononi mwake mbele yao wote.