Mimi wa Kwenye Hadithi

Aprili 2012, saa tano asubuhi, duka la fotokopi karibu na stendi ya Lodwar lilijaa walimu. Shule zilikuwa zimefungwa, na walimu hao walikuwa wamegeuka wanafunzi: likizo baada ya likizo wanasomea digrii ya fasihi ya Kiingereza. Riwaya ilikuwa nakala moja tu kwa darasa zima. Mashine ikafika ukurasa wa themanini, stima ikapotea.

"Kurasa hizo ni zangu," akasema Cornelius Epuyo, mwalimu wa Kanamkemer, shati jeupe limepigwa pasi utadhani anakwenda harusini.

"Zako kwa nini? Mimi nimetoka Kakuma na gari la alfajiri. Wewe umekuja na bodaboda dakika kumi!"

Msemaji aliitwa Ajok, Mdinka wa Sudan Kusini anayefundisha shule ya kambi ya wakimbizi: mrefu, gauni la kijani kibichi, shanga nyeupe shingoni. Cornelius alimtazama na ugomvi wote ukamwisha.

"Basi tusome pamoja, madam."

"Pamoja? Hiyo sura yako ni ya mtu anayesoma polepole."

Walisoma pamoja, chini ya mikoma ya Mto Turkwel, jioni baada ya masomo. Likizo ilipokwisha, simu zikaanza, Cornelius akifungua kwa hujambo ya Kiturkana.

"Ejok, kipenzi?"

"Ejok noi. Umekula?"

"Nimekula sura tatu za riwaya."

"Haya, shiba. Usinipigie tena ukiwa na njaa."

Kufikia Desemba Cornelius alikuwa ameshamwambia baba yake mdogo, mzee Lochakapong, kwamba Januari waende Kakuma kuposa. Ajok alijua, na alikuwa akihesabu siku.

Sasa sikilizeni kichwa cha mwanamume kinavyoweza kuwa kigumu. Siku ya mwisho ya masomo ya Desemba, mhadhiri aliwataka wasome hadithi walizotunga, msimulizi akiwa "mimi". Ajok akasimama, akasoma: baba amepokea ng'ombe wa mwanamume mwingine kwa ajili yangu, ninayempenda hajui, kila nikimtazama nashindwa kumwambia. Darasa likapiga makofi. Cornelius hakupiga. Yeye aliyeongoza mtihani wa somo hilohilo, aliyeandika kwa mkono wake kwamba "mimi" wa hadithini si mwandishi! Alikusanya madaftari yake, akaenda nyumbani, akamwambia mzee, "Hatuendi tena."

Ajok alipiga simu mara nne. Ya tano ikapokelewa.

"Cornelius, nimekosa nini?"

"Muulize mwenye ng'ombe."

"Yaani hivyo ndivyo ulivyoelewa? Wewe, wa kwanza darasani?"

"Nimeelewa nilichosikia."

"Basi Aprili sirudi. Siwezi kukaa dawati moja na mtu anayenidhania hivyo. Afadhali digrii yenyewe niiache."

Akakata. Cornelius alifundisha Januari yote huku akionekana mgonjwa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwishowe Lochakapong akachoka kumtazama.

"Huyo msichana ulimuuliza?"

"Hapana, baba."

"Haki ya Mungu, sasa huko chuoni mnasoma nini?"

Jumamosi Cornelius alipanda gari la kwanza la Kakuma. Alimkuta Ajok uani akichekecha unga wa mtama, leso kichwani, na baba yake, mzee Alier, ameketi kivulini.

"Umekuja kushtaki?" Ajok aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kuuliza. Yule msichana wa hadithi ni nani?"

"Mama yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa ameposwa na tajiri. Aliyempenda ndiye huyo hapo."

Mzee Alier akacheka kwa sauti ya chini. "Mimi ng'ombe sikuwa nao, kijana. Nilikwenda mwenyewe, nikasema mbele ya baba yake. Wazee wako watakuja siku yao. Leo wewe useme."

Cornelius alikuwa mtu wa mashairi kurasa kwa kurasa. Lakini sasa Kiingereza chote kilimtoroka.

"Mzee, nilimwonea Ajok," akasema. "Niliogopa kumkosa, nikamhukumu kabla ya kumuuliza. Nampenda. Asiporudi chuoni kwa sababu yangu, sitajisamehe. Sina lingine."

Mzee akamgeukia binti yake. "Mwalimu, amesema vizuri?"

Ajok alijifuta macho kwa mkono wa unga, uso ukabaki na mistari myeupe. Alimtazama Cornelius, akatabasamu bila kupenda.

"Ana makosa mengi, baba," akasema. "Lakini usimfukuze. Nitamsahihisha mwenyewe."

Akaingia ndani kumtafutia kiti.