Kilio cha Mama Aliye Hai

Kila siku akitoka shule, Nishimwe alipita kwanza kwenye bomba la Murara, mtaa wao hapa Goma, akajaza bidoni yake ya njano na kuibeba hadi nyumbani huku maji yakimmwagikia mgongoni, kana kwamba bidoni nayo ilitaka kumwogesha. Kisha alikaa chini kando ya mama yake, Mama Apolline, aliyekuwa akisuka tangu asubuhi. Mama alisuka agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka kama kofia ya mtu mwenye majivuno. Kazi ya Nishimwe ilikuwa kukiweka kikapu juu ya jiwe jeusi la volkano, kukipiga picha kwa simu, na kuipeleka picha kwa Julien, kijana jirani mwenye kibanda cha fotokopi na kompyuta.

Julien ndiye aliyewafungulia tovuti ya kuuzia vikapu. Hapa Goma mtu hanunui kikapu kwa intaneti. Anakuja mwenyewe, anakishika, anakitukana mpaka bei ishuke, ndipo anakichukua. Wanunuzi wa tovuti walikuwa karibu wote katika nchi moja ya Ulaya, huko alikoishi Tantine Émérance, dada ya baba yake Nishimwe. Jina la nchi hiyo lilimshinda Nyogokuru, bibi mzaa baba, kulitamka. Yeye aliiita "Kwenye Baridi", na nyumba nzima ikamfuata.

Mama alisuka akiwa amevaa nyeusi. Volkano ilipolipuka mwezi wa tano mwaka wa 2021, moto ulikula nyumba yao kule Buhene. Papa Havugimana, baba yake Nishimwe, aliwafikisha wote mahali salama, halafu akarudi kutazama kama kuna chochote kilichobaki. Akapita njia ya mkato juu ya lava ambayo ilikuwa imepoa juu tu. Moshi uliotoka chini ulimlaza palepale, wala hakuamka tena.

Kwa desturi yao, mjane huvua nyeusi siku ya kuondoa kilio. Ukoo unakusanyika, msalaba unasimikwa kaburini, watu wanakula, na mama ya marehemu anamvisha mjane kitenge cha rangi. Nyogokuru alikaa kijijini Kibumba na alikuwa amezeeka sana. Kila akipiga simu, maneno yake yalikuwa yaleyale: "Apolline, fanya haraka. Sitaki kwenda kumwambia mwanangu kwamba nilikuacha ndani ya nguo hiyo." Ndiyo maana Mama alisuka mpaka vidole vikapasuka. Vikapu vile vilikuwa vya msalaba na chakula cha siku hiyo.

Tatizo ni kwamba vikapu havikuuzika. Mwaka wa pili ukaendelea, picha zikajaa kwenye tovuti, wanunuzi wakapita kama watu wanaopita mbele ya kanisa wasimosali.

"Maneno yenu ni makavu," Charline, rafiki yake Nishimwe, alimwambia siku moja kibandani. "Kikapu kizuri, kifuniko kizuri. Nani atalia kwa ajili ya kifuniko? Watu wa mbali wananunua huzuni."

"Huzuni tunayo," Nishimwe alijibu. "Papa alikufa."

"Papa mmoja? Hata mimi sina papa."

Nishimwe alikuwa wa kwanza darasani kwa Kifaransa, na mtu akiwa wa kwanza katika jambo fulani hudhani Mungu amempa ruhusa ya kulitumia ovyo. Julien alipokuwa akihudumia wateja wa fotokopi, yeye aliketi mbele ya kompyuta akaandika kwamba volkano iliwaua wazazi wote wawili, Havugimana na Apolline. Kwamba yeye, yatima, ndiye anayesuka akiwa na wadogo zake. Na kwamba mwenye moyo wa huruma anunue kikapu au atume msaada.

Charline alisoma, akageuza shingo polepole. "Mama yako amekufa lini? Asubuhi amenigombeza."

"Amekufa Kwenye Baridi tu. Hapa yuko mzima."

Wakacheka mpaka Julien akawafukuza.

Vikapu vikaanza kuondoka. Mama, ambaye hakusoma Kifaransa, alipiga magoti na kumshukuru Mungu. "Papa yenu anatuombea," alisema. Nishimwe aliangalia pembeni. Alijiambia kwamba baada ya siku ya kuondoa kilio atafuta maneno yale, na hakuna atakayejua kwamba mama alikufa wala kwamba alifufuka.

Lakini Kwenye Baridi kulikuwa na mtu aliyemjua marehemu. Rafiki wa kanisani alimwonyesha Tantine Émérance tovuti ile. Tantine alisoma jina la kaka yake, akasoma na la wifi yake. Akapiga simu Goma. Wiki ile mtandao ulikuwa umekatika, simu ikabaki kimya, na kimya hicho akakichukua kuwa ndicho jibu. Mtu anayetoka kwetu hangoji hati ili alie. Tantine aliweka picha ya Apolline mezani, akawasha mshumaa, akaita watu. Wakaja kutoka miji ya mbali, wakapika maharage, wakaimba, wakatoa mchango wa kulea yatima.

Mtandao uliporudi, Tantine alipiga tena, akitaka kuzungumza na yatima.

"Allo," Mama alijibu.

Upande wa pili mtu alianza kulia.

"Allo? Émérance, ni wewe? Mbona unalia?"

"Ni nani anazungumza?"

"Ni mimi, Apolline. Umesahau sauti yangu?"

Mama alisikiliza muda mrefu. Nishimwe aliona sura yake ikibadilika, ikawa kama ya mtu anayesoma jina lake mwenyewe juu ya msalaba. Mwisho akaweka simu mapajani.

"Nishimwe," alisema taratibu. "Mimi nimekufa?"

Nishimwe alipiga magoti mbele yake. "Nilitaka vikapu vitoke, Mama," alisema akilia.

Kwenye Baridi, waliokuwa wamelia walikasirika. Tantine aliitwa mwongo mbele ya kanisa, ingawa alirudisha kila mchango. Wengine walikwenda kushtaki kwenye ofisi ya nchi hiyo inayolinda wanunuzi. Haikupita muda tovuti ikafungwa kule. Aliyejaribu kuifungua alikuta ukurasa mweupe wenye onyo kwamba hawa wanaomba msaada kwa uongo.

"Ajabu ni kwamba hapa inafunguka vizuri," Julien alisema akigeuza kompyuta ili Mama aone. "Murara nzima inaweza kuiangalia. Lakini Murara nzima hainunui." Kisha akashusha sauti. "Mama Apolline, kuna njia. Tuibadilishie jina, tuifungue upya. Hawatajua ni sisi."

Mama alifunga kitambaa chake cheusi vizuri kichwani. "Nimekwisha kufa mara moja, Julien. Sitaki sasa kuzaliwa na jina lingine."

Mwaka ulipokuwa unaisha, waasi wakafika Kibumba. Watu waliteremka barabarani na magodoro, mbuzi, sufuria. Nyogokuru aliingia Murara akiwa na fimbo moja na viatu visivyofanana, na kikohozi alichokipata kwa kulala nje kwenye mvua. Mama alimwosha miguu, akampa uji, na kwa kuwa hakuna siri inayodumu ndani ya chumba kimoja, akamweleza yote.

Nyogokuru alimwita Nishimwe, akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Basi wewe ndiye mchimba kaburi," alisema. "Mkono mdogo hivi. Waasi wanaua kwa bunduki, wewe unaua kwa kidole."

Nishimwe aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Nyogokuru."

"Si mimi niliyelia. Kwetu mutu akimtangaza mzima kuwa maiti, anapita nyumba kwa nyumba akimtoa kaburini. Waliolia wote wamsikie kwa masikio yao. Anza."

"Wako mbali, Nyogokuru. Na wamekasirika."

"Ulipowaliza walikuwa karibu?"

Tantine Émérance alitoa namba kwa shingo upande. Nishimwe alipiga moja baada ya nyingine, Mama akiwa kando yake. Kila mara alianza hivi: "Naitwa Nishimwe. Niliandika uongo. Mama yangu huyu hapa." Wengine walikata simu. Mzee mmoja alimtukana mpaka salio likaisha. Kisha akapatikana Mama Valérie, aliyesikia sauti ya Apolline na kuanza kulia upya.

"Mutoto," alimwambia Nishimwe, "mama yangu alipokufa Bukavu nilinyimwa ruhusa kazini ya kwenda kumzika. Siku ile tuliyokusanyika kwa Émérance nikasema, huyu Apolline nitamlilia, na machozi ya mama yangu yawe ndani yake. Sasa hayo machozi nirudishiwe wapi?"

Usiku na mchana swali hilo lilimkaa Nishimwe kifuani.

Alifuta maneno yale yote. Kwa msaada wa Julien, akaiandikia ofisi ya nchi ile, akasema ni yeye aliyedanganya na kwamba mama yake hakujua. Ofisi ilijibu kwamba itahitaji uthibitisho kutoka kwa wale waliolalamika, na kwamba wangoje. Wakangoja. Vikapu vikapangwa ukutani hadi karibu na dari. Nyogokuru, akiwa amelala chini yake, alivitazama kila asubuhi.

"Vimetoka?" aliuliza.

"Bado, Nyogokuru."

"Basi nami bado," alijibu, akageukia ukuta na kukohoa.

Daktari wa kituo cha afya alitoa dawa, Mama akakesha, majirani wakaleta makala ya kuwashia moto na maziwa. Lakini barabara ya Kibumba ilikuwa imemaliza nguvu za yule mzee. Asubuhi moja, Nishimwe alipomletea uji, alimkuta amekwisha kwenda kwa mwanawe, akiwa amemwacha mkwewe ndani ya nguo nyeusi.

Ilibidi Tantine aambiwe. Safari hii Mama alikuwa akilia hata hawezi kushika simu, kwa hiyo Nishimwe ndiye aliyepiga.

"Tantine, Nyogokuru amefariki."

Tantine akauliza, si kwa hasira, bali kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Safari hii ni kweli?"

Nishimwe aliwasha kamera, akageuza simu ili Tantine aone mkeka, shuka, na uso wa mama yake mzazi. Ndipo kilio kikatoka upande wa pili, na Nishimwe akajua kwamba binti alilazimika kuitazama maiti ya mama yake kwenye simu kwa sababu neno la mutoto mmoja lilikuwa halina tena thamani.

Waliomboleza watu wachache. Kwenye Baridi wengi hawakuja kwa Tantine, maana walikuwa wamekwisha kulia kwa ukoo ule mara moja. Mama Valérie alikuja. Ni yeye na Tantine walioiandikia ofisi kwamba Apolline ni mzima, kwamba vikapu ni vya kweli, na kwamba mutoto ameomba radhi kwa mdomo wake. Tovuti ikafunguliwa. Nishimwe aliandika mistari mifupi tu: mama anasuka, baba alikufa, vikapu vinauzwa. Vikaanza kutoka tena, kimoja kimoja.

Siku Tantine aliposema atakuja Goma, Nishimwe alimuuliza mama yake, "Nani atakuvisha kitenge sasa?"

"Émérance. Amesema anataka kunigusa kwanza ndipo aamini kwamba niko."

Mama aliacha kusuka, akamshika binti yake mkono. "Sikiliza, mwanangu. Uongo wako ulileta wanunuzi, sikatai. Lakini machozi ya watu ni akiba ya siku mbaya. Uliyachota siku ambayo hatukufiwa na mtu, na tulipofiwa kweli tukalia peke yetu. Tovuti ilifungwa na ofisi, na ofisi imeifungua. Imani ya watu haina ofisi. Mwenye kuifunga ndiye anayebaki mlangoni akibisha, na asichoke."

"Sitachoka, Mama."

"Basi mpigie yule mzee aliyekutukana. Bado hajasikia sauti yangu."

Nishimwe akachukua simu.