Rafiki Yangu Kamwagiwa Poda, Mimi Nimeambiwa Ningoje

Mama yangu mzazi alikuwa anammwagia Aicha poda kichwani, ile ya kumshangilia aliyefaulu...

Sio mama yake. Mama yangu! Na ile poda niliinunua mimi, nikaificha kabatini nikisubiri siku yangu.

Nilisimama mlangoni na ndoo ya maji.

"Ndaya, kuya ucheze," mama akaniita. "Aicha banamukubali ku shuli."

"Na mi?"

Mama akafunika kopo la poda. Aicha akaangalia chini.

Tuliomba wote shule ya wauguzi. Mimi waliniambia ningoje. Si ndiyo, si hapana. Eti tutakuita nafasi ikipatikana. Wapendwa, bora wangenikataa nilie mara moja yaishe.

Niseme wazi, nilikuwa na wivu. Tena wivu wa kukosa usingizi. Mimi na Aicha tumekulia lupango moja, ua mmoja, kule Kasulo, pembeni mwa Kolwezi, mlango kwa mlango. Hesabu nimemfundisha mimi. Mtihani wa serikali nilimwacha mbali. Leo yeye ndiye mweupe kichwa kizima?

Na Kasulo yenyewe ilikuwa inaondoka. Kampuni imechukua eneo, nyumba zimepigwa alama nyekundu, yale mashimo ya kobalti tuliyochimba chini ya vyumba vyetu si yetu tena. Majirani walikuwa wanapakia magodoro kwenda Mutshatsha, mashambani, mbali na mji. Baba naye akaamua hivyohivyo.

"Tutalima kule. Shuli itangojea."

Kule Mutshatsha ndoto yangu ingekufa, nilijua. Halafu nikakumbuka, baba yake Aicha, Tata Swedi, ana lori, pesa hazimsumbui. Bila shaka nafasi yangu imenunuliwa.

Asubuhi nikavaa sketi ya shule, nikaenda kwa miguu hadi kwa direkta, mkuu wa shule ya wauguzi. Hata hodi sikupiga.

"Tata, munamupatia Aicha nafasi yangu. Juu ya nini?"

Mzee akavua miwani.

"We unatoka wapi?"

"Kasulo."

"Kumbe bado muko?"

Sikumwelewa.

"Mwaka ilipita tulikubali batoto ba Kasulo. Balibomoa nyumba, batoto bakapotea, mabanchi yakabaki bure. Sasa bote ba kule tunabaambia bangoje. Nilisema, mwenye atabakia atakuya yeye mwenyewe kutuambia. We njo wa kwanza kukuya."

"Lakini Aicha naye ni wa Kasulo..."

"Aicha? Alituambia anakaa mujini, kwa mujomba wake."

Nikashika mlango niondoke.

"Tafuta fasi ya kulala mujini," akaongeza. "Ukipata, utaanza na benzako."

Nilirudi nusu nikikimbia. Nikamkuta Aicha anafua, poda bado iko kwenye nywele.

"Ulijua batu ba Kasulo banabaambia bangoje?"

"Nilijua."

"Juu ya nini haukuniambia?"

Alikamua nguo ile mpaka ikakauka.

"Juu we unanipitaka kila fasi, tangu tuko batoto. Niliona tukiingia wote, batabakisha we, mi batanitoa."

Jamani... Mimi nakesha kwa wivu wa siku mbili, kumbe mwenzangu ameubeba wake tangu utotoni!

Nilitaka kumrushia lile beseni. Lakini mjini sina ndugu hata mmoja, na kulala Mutshatsha nikisoma Kolwezi haiwezekani.

"Basi utanilaza kwa mujomba wako."

Alinitazama akidhani nina kichaa.

"Mukeka iko moja tu, Ndaya."

"Tutaenea."

Siku mashine ilipobomoa nyumba yetu, mama alinimwagia poda iliyobaki. Vumbi la matofali likashuka juu yake, sikujua kipi ni furaha na kipi ni nyumba yetu. Baba alilia akiwa amenigeuzia mgongo. Kisha wao wakapanda lori la Tata Swedi, mimi na Aicha tukashika njia ya mjini.

Kwa hiyo, wewe uliyeambiwa ngoja, usingojee nyumbani. Nenda mlangoni kwao wakuone, waambie bado upo na bado unataka. Hata kama kilichokupeleka ni wivu, mlango hauulizi.

Ninaandika haya nikiwa kwenye ule mkeka. Matokeo ya mtihani wa kwanza yametoka leo, Aicha amenipita.

Yeye anakoroma. Mimi usingizi hauji.